Kichwa cha Cherehani

Saa kumi kasorobo wingu lilitoka ziwani
likaingia mjini bila hodi.
Makoroboi tukasikia mabati kwanza,
halafu hatukusikia kingine.

Maji yalipofika kwenye kanyagio
nilifungua skrubu mbili, nikang'oa kichwa cha cherehani,
nikakitia kwenye mfuko wa mbolea.
Miguu yake ya chuma nikaiacha kibarazani
ijitegemee.
Sare ya mtoto wa Ng'wasi, ambayo bado haina mkono mmoja,
nikaivika nailoni, nikaificha kifuani.

Kilo kumi na kitu begani.
Kila hatua gurudumu linanigonga bapa la bega
kama mtu anayekumbusha jambo.

Siku zote Mirongo ni mfereji wenye jina kubwa,
umebeba chupa na maganda ya miwa,
watu wanauvuka huku wanaongea na simu.
Leo ulidai upana wake wote wa zamani.
Ukaingia dukani, ukaingia saluni,
ukatoka na viti vinne vya plastiki vimefuatana
kama wageni wa harusi waliokosea ukumbi,
na ndala, zote za kushoto,
na bango la daktari wa meno limelala chali, linacheka.

Mama mkwe akapiga simu kutoka Magu.
Redioni wanasema Mwanza mvua. Umeanua nguo?
Nikamwambia, mama, niko ndani ya maji.
Akasema, ndiyo maana nauliza.

Pale darajani vijana wamefunga kamba
hadi kwenye shina la mwarobaini ng'ambo:
mtu buku, mzigo buku,
mwenye mtoto mgongoni anapita bure.
Nilikuwa na mia saba.

Na nani anavusha watu?
Shagembe.
Shagembe wa suruali tatu na koti la kipaimara,
koti alilolichukua Pasaka akasema kesho,
Shagembe ambaye akiniona hubadili upande wa barabara.
Leo barabara haikuwa na upande.
Akaja, maji kifuani,
akaupokea mfuko, akauweka utosini,
akanipa mkono uliobaki.
Katikati akauliza: hiki nini, kizito hivi?
Nikasema: ndicho kilichokushonea.
Hakujibu.
Akakishika vizuri zaidi.

Ng'ambo alinirudishia mzigo.
Hakuiulizia pesa, sikulitaja koti.
Deni lipo palepale,
ila sasa sijui limekaa kwa nani.

Kutoka hapo ni kupanda.
Sisi wa mlimani Mabatini tuna maneno yetu
juu ya watu wa bondeni:
nani aliwatuma kujenga kwenye njia ya maji?
Tunayasema tukiwa tumekaa, tukiwa tumeshiba.
Mawe yanateleza kama kambare,
umeme umekatika, radi inaniwashia ngazi mojamoja,
na kwenye kila ngazi maji yanashuka,
mekundu, yana haraka, yana povu la sabuni.
Nikayapisha.
Kibanio cha nguo kikapita juu yake.
Cha bluu, kimefungwa waya.
Waya huo niliufunga mimi.

Nikainua uso. Yalikuwa yanatoka uani kwangu,
kwenye saruji niliyoimwaga mwaka jana
nikaringa nayo kwa majirani:
kwangu mimi, tope mwisho.

Nguo? Kamba tupu.

Nilikikausha kichwa kwa kanga,
nikadondosha mafuta, nikazungusha gurudumu kwa mkono.
Kimya. Tena kimya.
Kisha tak. Kisha tak, tak.

Huko bondeni tochi za simu zilikuwa zinahama
kutoka paa hadi paa,
na mtu mmoja anaita jina ambalo upepo ulilikata katikati.
Nikatoa beseni, ndoo, sufuria ya ugali,
nikavipanga chini ya mchirizi.

Vilijaa kabla sijageuka.